Kwa yule mwalimu wa Kihispania: MUNGU ANAKUONA

Wakuu, naandika nikiwa maegesho ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mikono bado inatetemeka. Wote mnamjua ninayemsema, yule wa miwani ya jua hata saa nne usiku. Simtaji.

Leo nimepokea familia ya watalii kutoka Buenos Aires, Argentina: babu, bibi, watoto, wajukuu. Bibi anahangaika na sanduku zito kama limebeba jiwe la kusagia. Mimi na malezi yangu ya Moshi nikaruka mbele, nikasema kwa sauti ya mtu aliyelipa ada: "¡Tranquila, señora, ya la cojo yo!" Tulia mama, nalichukua mimi. Sanduku kwa Kihispania ni "la maleta", ndiyo maana nikasema "la". Ndivyo alivyotufundisha: coger ni kuchukua, kushika, kudaka. Basi unacoger, teksi unacoger.

Wakuu, Argentina coger ni kile kitendo. Cha watu wawili na mlango umefungwa. Na hiyo "la" haibagui kama ni sanduku au ni bibi.

YA LA COJO YO. Mbele ya mumewe!

Babu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ili anione vizuri. Wajukuu wako chini sakafuni hawajiwezi kwa kicheko. Bibi ndiye aliyenimaliza. Akanipigapiga begani: "Gracias, mi amor, ya estoy grande." Asante mpenzi, mimi nimeshazeeka.

Mwalimu alijua! Kakaa Madrid, huko wanacoger metro asubuhi mpaka usiku na hakuna anayeshtuka. Angetuambia tu kwamba ukivuka bahari useme tomar au agarrar, angepungukiwa nini? Nimemtumia ujumbe sasa hivi. Kajibu: "Jajaja, hilo liko hatua ya pili. Lipia kwanza."

LIPIA KWANZA. Na mimi nimeshasema ya la cojo yo mbele ya ukoo mzima, na kesho asubuhi tunaingia wote Serengeti. Babu ameshachagua siti. Kakaa katikati yangu na mkewe.

KobeWaKaratu: Hii chai imekolea tangawizi. Hata hivyo, babu ana hoja.

SinaPresha: Mkuu, bibi amekataa au ameahirisha?

Mpagazi_Mstaafu: Mi amor kabisa? Kwa nini unalalamika?

MsomaKamusi: Kamusi ya Real Academia Española iko mtandaoni, bure. Chini ya coger wamekuwekea mpaka nchi: Argentina, Bolivia, Meksiko, Paragwai, Urugwai, Venezuela, na Amerika ya Kati. Wewe umempa hela mtu wa miwani.

Mleta uzi: @MsomaKamusi kamusi ingenibebea sanduku?

BintiWaValencia: Huku Hispania niliko usiposema coger hupandi basi, kwa hiyo mwalimu hana kosa. Mimi yalinikuta kinyume chake. Dada mmoja wa Peru tunakaa naye, tumekaa sofani na Wahispania wawili, akamwambia mmoja "córrete un poquito". Kwao ni sogea kidogo. Hispania correrse ni kufika kileleni. Yule kaka alimwaga kahawa yote mapajani.

Mpagazi_Mstaafu: Kileleni cha Uhuru?

BintiWaValencia: Wewe baki kwenye mizigo.

Havana_Kitambo: Nilisoma Cuba. Kule mama mtu mzima anasema coger la guagua, kupanda basi, na anaenda zake kanisani. Sasa ipeleke sentensi hiyo Chile, ambako guagua ni mtoto mchanga, uone utakavyoangaliwa.

KaunterYaNungwi: Nyie mmetukanwa tu, mimi nimekatwa mshahara. Kaja Mcolombia: "¿Me regala una cerveza?" Cerveza ni bia. Nilifundishwa regalar ni kutoa zawadi, tena na huyo huyo mwalimu. Nikasema mgeni huenda ni siku yake ya kuzaliwa, nikamzawadia. Wenzake nao wakaomba zawadi. Nikazawadia meza nzima! Kumbe Colombia ndivyo wanavyoagiza, na hela walikuwa nayo mfukoni wanasubiri bili. Bosi hakutaka kusikia habari za Bogotá.

SinaPresha: Na mimi naomba zawadi ya baridi.

Njoro_254: Si ni kama nyinyi Wabongo na "naomba" yenu? Unaomba na unalipa. Nilisema "nipe chai" Mwanza, mama akaninyamazia mpaka nikadhani hasikii. Chai imekuja imepoa.

KobeWaKaratu: "Nipe" kama unamdai? Ilipaswa isije kabisa.

Njoro_254: Namdai, si nalipa?

BiMkubwa_Tanga: Hata shikamoo hukutoa, nakujua.

Njoro_254: Alikuwa rika langu!

BiMkubwa_Tanga: Ndiyo maana ilipoa.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwa mwalimu. YA LA COJO YO, mbele ya mumewe...

SinaPresha: Mwalimu gani?

KaunterYaNungwi: Njoro, hiyo chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi? Maana ya maziwa Mwanza inapoa upesi, wanaweka kikombe cha bati.

Njoro_254: Maziwa. Na chapati ilikuwa moja, nililipia mbili.