Tupeane uzoefu: Mchezaji kaja na mhusika asiyeendana kabisa na dunia ya DM. Mlifanyaje mezani kwenu?

Kete_Ishirini (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Uzi huu ni wa wale wanaocheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza ambapo kila mtu anabuni mhusika wake na dadu ndiyo inaamua mambo) na michezo ya aina hiyo, iwe mezani au kupitia Discord. Kama hujawahi kucheza kaa usome tu, utaelewa mbele ya safari.

Nina kundi langu Dar, na mimi ndiye DM, yaani ninayeendesha mchezo. Dunia nimeitunga mwenyewe: miji ya pwani inayojitawala, inayoishi kwa upepo wa msimu, na uchawi wote ni mkopo. Hakuna anayezaliwa nao wala anayeusoma vitabuni. Unakopa kwa jini, jini anakudai. Nikawapa watu muda watengeneze wahusika wao. Walichoniletea sasa: samurai asiye na bwana wala nchi. Tabaxi, yaani paka-mtu, kazi yake wizi. Na mchawi nusu joka, nywele nyeupe, jicho moja jekundu, yatima, kijiji chao kizima kiliteketea. Nikauliza kijiji gani? "Utaamua wewe, DM."

Kuwakatalia sitaki, hawa ni watu wazima wanaoacha familia zao Jumamosi kuja kurusha dadu. Lakini pia sitaki dunia yangu igeuke stendi ya mabasi. Naomba visa vilivyotokea kweli mezani kwenu. Nadharia zimejaa YouTube, nimezitazama mpaka basi.

Obsidiani

Mkuu, mimi nilikuwa upande wa mchezaji. DM wetu alituwekea Dark Sun, ile dunia ya jangwa iliyotoka mwaka 1991. Kule miungu hakuna. Chuma ni adimu, watu wanapigana kwa panga za mfupa na obsidiani. Gnomu, vijitu vifupi vya hadithi, walishauawa wakaisha kabla ya mchezo kuanza, halflingi, vijitu vingine vifupi, wanakula watu, na mchawi akivuta nguvu ovyo anakausha mimea yote iliyomzunguka. Mimi nikaja na paladini, yaani shujaa wa vita aliyekula kiapo kitakatifu. Deraya inayong'aa, mungu wa haki, kila kitu.

DM hakusema hapana. Aliniuliza: kwenye paladini unachopenda hasa ni nini? Deraya, mungu, au kiapo? Nikafikiri, nikasema kiapo. Akanijibu basi hivyo viwili viache mlangoni. Tukatoka na templa aliyetoroka mji wa Urik. Matempla ni makarani na askari wa wafalme wachawi, na nguvu zao wanapewa na mfalme mwenyewe. Kwa hiyo mtu wangu ameapa kuwatetea watumwa aliokuwa akiwahesabu kwenye machimbo ya obsidiani, lakini kila anapoponya jeraha anavuta nguvu ya bwana aliyemkimbia.

DM akaongeza la kwake ambalo halimo kitabuni: kila nikiomba nguvu, huenda mfalme akajua nilipo. Anarusha dadu nyuma ya kizuizi chake, haniambii imetoka ngapi. Mwenzetu anavuja damu, meza nzima inanitazama, na mimi nakadiria umbali wa kutoka Urik. Deraya niliisahau siku ileile.

kikombe_cha_pili

Nimevuta kiti, endeleeni.

Msee_wa_Sharn

Obsidiani, story yako iko poa lakini nakubishia kidogo. Hapo DM alibahatika na mchezaji msikivu. Si wote watakubali kuvuliwa hivyo.

Kwetu Nairobi tunacheza Eberron. Hii ilizaliwa kwa shindano: mwaka 2002 Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huu, waliita watu wapendekeze dunia mpya, ya Keith Baker ikashinda, kitabu kikatoka 2004. Msimamo wake ni kwamba chochote kilichomo kwenye D&D kina nafasi mahali fulani Eberron. Kazi ya DM ni kukitafutia hiyo nafasi. Na ameacha matundu makusudi. Kuna nchi inaitwa Cyre, iliangamia siku moja mwaka 994 wa kalenda yao, hadi leo hakuna ajuaye kwa nini, na vita vikaisha miaka miwili baadaye. Huyo yatima wako wa jicho jekundu mrushe kwa tundu kama hilo.

Mimi nilifanya hivyo. Jamaa alikuja na yule mpweke wa kawaida, joho jeusi, amepoteza wote, haongei na mtu. Nikamwambia sawa, wewe ni wa Cyre, na hapa mjini Sharn kuna mtaa mzima wa wakimbizi wa Cyre. Sesheni ya kwanza yuko kwa foleni ya unga. Mama mmoja nyuma yake anasikia lafudhi yake, anamuuliza, "Kijana, wewe ni wa mtaa gani kule nyumbani?" Jamaa akanyamaza. Mhusika ana kurasa tatu za uchungu na hajui alikuwa anaishi mtaa gani! Akabuni hapo hapo. Mama akasema, "Ah, karibu na lile duka la mkate lenye mlango wa kijani?" Akajibu ndio. Sasa tayari ana mtaa, ana duka la mkate, na ana shahidi. Bado ni yatima, lakini si yatima peke yake, na hiyo ndiyo dawa.

BintiDadu

Kaka wa Sharn, hiyo ya foleni nimeiiba.

Mimi naendesha meza ya wanawake watupu, wengi hawajawahi kugusa mchezo wa aina hii. Sisomi kabisa historia ya mhusika. Nauliza maswali mawili tu: katika mji huu, nani atakupa pa kulala bila kukuuliza kitu? Na nani ukimwona unavuka upande wa pili wa barabara? Asiyeweza kujibu hajamaliza kutengeneza mhusika, hata kama karatasi imejaa namba.

Mmoja alikuja na muuaji wa kukodiwa, hana jina, hana kwao. Swali la kwanza akagoma, hana rafiki. La pili akacheka, akasema, "Labda yule mama wa uji bandarini, nina deni lake la bakuli tatu." Alikuwa anatania. Nikaandika: Bi Tatu, anauza uji wa pilipili manga chini ya ngazi za forodha, jicho moja lina mtoto wa jicho, madeni anayakata kwa kisu kwenye ubao. Basi nikawa nimeandaa kaburi la mfalme, mitego, maiti zinazotembea, kazi ya wiki nzima. Walipokuwa wanatoka mjini nikataja tu kwamba watoza kodi wanavunja banda la Bi Tatu. Hawakwenda kaburini. Muuaji wa kukodiwa kasimama mbele ya ubao ule na panga mbili anasema hapa hapavunjwi kitu. Kaburi bado ninalo, anayelitaka aje inbox.

Zeze_Bovu

Mnasema wachezaji, wachezaji. Na sisi tulioonewa na madiemu je?

Nilijiunga na kundi moja mtandaoni, DM akanitumia PDF ya historia ya dunia yake. Wafalme wa ukoo wa joka, baba kwa mwana, vita vya kwanza mpaka vya saba, kalenda ya miezi yenye siku zisizolingana. Nikaisoma yote, wallahi. Nikatengeneza mjukuu wa jenerali wa vita vya tano. Siku ya kucheza, tuko kwenye kijiji kisichokuwa kwenye ramani, tunatafuta mbuzi aliyepotea. Hakuna hata mkulima mmoja aliyewahi kusikia habari za vita vya tano. Nikamuuliza DM kama babu yangu ana umuhimu wowote, akasema yatakuja baadaye. Kundi likafa kabla ya hiyo baadaye.

Kete_Ishirini, wachezaji wako walijua ile habari ya mkopo wa jini KABLA ya kutengeneza wahusika? Kuwa mkweli. Kama hukusema, huyo nusu joka hana kosa.

Kete_Ishirini

Zeze, niliwaambia kwenye grupu la WhatsApp, ujumbe mmoja mfupi tu. Wakajibu kwa emoji ya moto. Nilidhani wameelewa.

Zeze_Bovu

😂😂 Emoji ya moto siyo sesheni sifuri, yaani kile kikao cha kupanga kabla ya kuanza kucheza, mkuu. Waite wakae chini, muwatengeneze pamoja.

Mzee_wa_Muscat

Vijana, hili jambo ni la zamani. Mchezo wa D&D ulitoka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, na mwanzoni mhusika hakuwa na historia yoyote. Unarusha dadu, unanunua kamba na mwenge, unashuka shimoni. Akifa unachukua karatasi nyingine. Tatizo lenu lilianza watu walipoanza kuwapenda wahusika wao.

Wapo walioliwahi kwa njia nyingine. Mchezo wa Traveller wa 1977 haukuachi ubuni maisha ya mhusika wako, unayarushia dadu: umeingia jeshini, umepandishwa cheo, ama umekufa kabla mchezo haujaanza. Ndiyo, unaweza kufa ukiwa bado unajaza fomu. Mwingine, RuneQuest ya 2018, unakurudisha hadi kwa babu au bibi yako: alipigana wapi, alikufa au alirudi, kisha mzazi wako, ndipo wewe. Ukimaliza una ukoo, una wa kulipiza kisasi, na matukio ya ile dunia umeyajua bila kusoma PDF ya mtu. Meza yetu hapa ni Waswahili watupu, na naona inatukaa. Kwetu hata nje ya mchezo, mgeni akiingia anaulizwa kwanza wewe mtoto wa nani.

Fundi_Ngozi

Nirudi kwa huyo paka, maana amesahaulika. Dawa yangu ni moja: namba zibaki, ngozi ibadilike. Tabaxi kwa kanuni ana kucha, anapanda kuta, na anaweza kukimbia mara mbili ya kasi yake, kisha lazima atulie zamu nzima asisogee ndipo arudie tena. Toa paka. Weka mtoto aliyekopeshwa miguu na jini wa upepo. Anakimbia kama kawaida, akimaliza jini anakaa mgongoni mpaka apumzike. Hata sentensi moja ya kanuni haijaguswa.

Ila tahadhari. Nilipofanya hivyo kwetu, dada mmoja alinuna. Nikamuuliza, unataka kasi au unataka mkia? Akasema nataka mkia. Kwa nini? Anataka akiingia sokoni watu wageuke. Kumbe shida yake haikuwa paka, ni kutazamwa. Tukampa kinyago cha mbao kisichovulika, amezaliwa nacho, na watoto wa mji ule wana wimbo wa kukisema vibaya. Akakubali kabla sijamaliza kueleza.

Kete_Ishirini

Jini wa mgongoni ameingia rasmi. Nusu joka nadhani ataunguziwa kijiji na mdai wake mwenyewe, wazazi walikopa wakashindwa kulipa. Samurai bado kichwa kinaniuma.

Obsidiani

Muulize swali langu: upanga, kofia, au bwana?

Nahodha_wa_Pili

Hakuna aliyegusa la mhusika mpya katikati ya kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa sesheni nyingi, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Wenzake wameshajenga jina mjini, yeye anatokea amefungwa mnyororo shimoni, "ah, mmeniokoa, twende pamoja." Kila meza duniani imefanya hivyo, na kila mara ni bandia.

Kwetu mpiganaji alikufa, amemezwa na kiumbe cha mtoni. DM akamwambia mwenye mhusika: usitengeneze mtu mpya, chagua yeyote ambaye tayari tumekutana naye. Jamaa akapekua notsi zake, akachagua mwenye mtumbwi aliyetuvusha sesheni za mwanzo. Hatukuwahi hata kumuuliza jina. Namba akapewa za mgambo (mpiganaji wa porini), kiwango sawa na sisi, kasia likawa mkuki.

Tukadhani tumepata mpole. Sesheni iliyofuata akafungua daftari, akaanza kutusomea: siku mliyovuka na farasi mkasema mtalipa mkirudi. Siku mliyoacha maiti ya mamba kwenye mtumbwi wangu. Siku mganga wenu alipochoma tanga akasema ni bahati mbaya. Yote yalikuwa kweli, tulikuwa tumeyafanya. Mpaka leo hazina ikipatikana yeye hukata nauli yake kwanza, ndipo wengine tunagawana.