Steshenari inauza projekti yangu, mwalimu katupa sifuri wote watatu

Wakuu, kwema? Kwangu si kwema kabisa.

Nasoma stashahada ya TEHAMA hapa Tanga mjini, chuo sikitaji. Projekti yangu ni mfumo wa duka: stoo, mauzo na wadeni. Nimeuandika mwenyewe kwa lugha ya programu ya PHP, umeme ukikatika naendelea na betri. Nikaenda kuprinti ripoti steshenari moja ya Ngamiani, flashi ikachomekwa kwenye mashine yao. Kumbe yule jamaa anakopi kila folda inayopita mbele yake, kisha anawauzia wanafunzi.

Siku ya kuwasilisha, vijana wawili wa darasani kwetu wanafungua mfumo ule ule. Mmoja kageuza kijani kuwa bluu, basi. Mwingine kajitutumua kidogo, kabadilisha majina ya mafaili. Ila wote wameacha komenti yangu, yaani maelezo niliyojiandikia ndani ya programu: "deni la Mzee wa Kona lisifutwe mpaka bi mkubwa aseme." Mwalimu akawauliza huyo mzee ni nani. Kimya. Ni mteja wa genge la mama yangu, Makorora!

Hukumu ikawa sifuri kwa wote, eti tumedesa. Nikamwomba tufungue Git, programu inayotunza historia ya msimbo (maandishi ya programu), kila hatua ipo na tarehe yake toka faili la kwanza. Hakutaka hata kuangalia. Hata MOSS ya Chuo Kikuu cha Stanford, programu ya kulinganisha misimbo iliyoanza 1994, inaonyesha misimbo inayofanana tu, haisemi nani kaiba. Hapo ndipo mwalimu anatakiwa amwite kila mtu aeleze lupu yake (sehemu ya msimbo inayojirudia) inafanya nini. Wale wangekwama mstari wa pili.

Sasa wanapita wakisema mimi mnoko, "sisi tunasaidiana." Nani nilimnyima msaada mwaka mzima huu? Hata msimbo wa bure wa GitHub, mtandao wa kuhifadhi na kushirikishana misimbo, wenye leseni huria ya MIT unautumia kwa sharti la kuacha tamko la hakimiliki la mwenyewe. Na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama maandishi mengine, wala haingoji usajili. Jamaa wa steshenari kabandika tangazo mlangoni, mchana kweupe!

Naomba msaada: rufaa naanzia kwa mkuu wa idara au kamati ya mitihani? Na kuna aliyewahi kupeleka COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, malalamiko ya msimbo, siyo wimbo? Wale wa "samehe tu, ndo maisha", piteni kushoto.