Naomba ushauri: Alberobello hadi Ostuni kwa miguu, siku moja itatosha?

BintiMalindi

Asalaam aleikum na habari zenu nyote.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, sasa niko Bari, kusini mwa Italia. Namtunza bibi wa miaka 88, nalala humo humo nyumbani kwake. Bibi huyu alizaliwa shambani, kati ya Locorotondo na Cisternino, ndani ya trullo, zile nyumba za mawe zenye paa lililochongoka kama pia. Siku hizi hatoki kitandani. Kila jioni nikimbadilisha shuka ananisimulia walivyokuwa wakienda sokoni kwa miguu, kutoka mji huu wa kilimani hadi ule, viatu mkononi ili visichakae.

Mdogo wangu wa kiume anakuja kunitembelea katikati ya Oktoba. Nimepanga tutembee njia hiyo: tuanzie Alberobello, tupite Locorotondo na Cisternino, tumalizie Ostuni. Kwa ramani naona ni kilomita 34 hivi. Bibi ameniomba jambo moja tu: nipite kwao nikaangalie kama lile jiwe la kileleni mwa paa bado lipo. Wao huliita pinnacolo. Baba yake ndiye aliyelichonga.

Naomba mnisaidie. Siku moja inatosha? Maji tutayapata wapi njiani? Na watu wawili weusi tukipita katikati ya mashamba ya watu, hatutaleta taharuki? Mapumziko yangu ni Jumapili.

Kipanga_Lecce

Karibu dada. Njia hiyo nimeitembea mara mbili, mara moja yote na mara moja nusu.

Kwanza Jumapili. Ukiweza, ikwepe. Msimu wa kuwinda unafunguliwa Septemba na kuendelea hadi Januari, na Jumapili wawindaji wanakuwa wengi mashambani. Mimi nilisikia milio ya bunduki nyuma ya ukuta, nikakaa chini kwenye nyasi mpaka wakapita. Sheria ya Italia inakataza kuwinda Jumanne na Ijumaa, nchi nzima. Kwa hiyo zungumza na wenye nyumba, waombe wakubadilishie Jumapili kwa Ijumaa moja. Pia treni za upande huo Jumapili ni za kubahatisha, mara nyingi wanaweka mabasi, na mabasi yenyewe ni machache.

Pili, barabara. Kutoka Alberobello hadi Locorotondo mtaona barabara kuu ya 172. Ni fupi, lakini msiifuate. Haina pa kukanyaga mtu wa miguu na magari yanapita kwa kasi. Chukueni vinjia vya contrada, yaani vitongoji vya mashambani. Vinapinda pinda na vitawaongezea kilomita mbili tatu, ila mtakuwa katikati ya mizabibu, mizeituni na trullo zenyewe. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kutoka, maana vinjia vyote vinafanana: ukuta kulia, ukuta kushoto, udongo mwekundu.

Hata kwenye vinjia hivyo magari yapo, na kuta zinaziba kona. Tembeeni upande wa kushoto, mkiyatazama magari yanayowajia, mmoja nyuma ya mwenzake. Nyumbani tunaendesha kushoto, kwa hiyo mguu umezoea kutembea kulia. Mwambie mdogo wako mapema.

MamaZuhura

Mwanangu, Mungu akujalie kwa moyo huo juu ya bibi wa watu.

Mimi nimekaa bonde la Itria, eneo hilo hilo mtakalopita, miaka kumi na moja. Hilo la watu weusi nakujibu kama mzazi. Salimieni kwanza, tena kwa sauti, kabla hamjafika karibu. Buongiorno ya mbali inafungua mlango. Wazee wa huko wanaishi peke yao mashambani na wanashtuka wakimwona mtu ghafla ukutani, awe mweusi au mweupe. Wewe Kiitaliano unacho, na ukitaja jina la bibi na la contrada yake, utaona mwenyewe. Mimi nilishawahi kurudi nyumbani na mfuko mzima wa mapea baada ya salamu tu. Vitambulisho na kibali chako cha kuishi viwe mfukoni. Na mbwa wa shamba akitoka, msikimbie. Simameni, ongeeni polepole, mpiteni kwa upande.

Chakula sasa. Cisternino watawasifia bombette, vinyama vya kuviringisha ambavyo wauza nyama wanavichoma palepale dukani. Ni nguruwe, msije mkapewa bila kujua. Hata taralli, vile vibiskuti vya chumvi vya mviringo, vingi hukandwa kwa mvinyo mweupe. Ulizeni fave e cicoria, maharage mapana yaliyopondwa laini pamoja na mboga chungu na mafuta ya zeituni. Hiyo ndiyo chakula cha wakulima wa huko toka zamani, inashibisha na inakaa tumboni mpaka jioni. Mkate na jibini nunueni asubuhi, kwa sababu kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja hivi maduka yanafungwa. Wanaita controra. Mji unakuwa kimya kama usiku wa manane, hata wa kumuuliza njia humpati.

Kipanga_Lecce

Nilisahau maji. Nchi ile ni ya mawe ya chokaa, mvua ikinyesha inazama yote, mto hamtauona. Ndiyo maana walijenga bomba refu kuleta maji kutoka chemchemi za mto Sele, upande wa pili wa milima. Kazi ilianza 1906, Bari wakafungua bomba 1915. Mijini mtakuta vibomba vya chuma vya kunywa bure, ila katikati ya mji na mji hakuna kitu. Kila mtu abebe lita moja na nusu, mjaze upya kila mji.

FundiMawe

Nipo Lamu, Ulaya sijafika, lakini kazi yangu ni mawe na chokaa, kwa hiyo naomba niingie hapa.

Dada, ukifika kwenye hiyo nyumba tazama paa kwa makini kuliko unavyotazama mandhari. Sisi nyumba zetu za mawe ya matumbawe zinashikwa na chokaa. Bila chokaa hakuna ukuta. Paa la trullo halina chokaa wala udongo wa kushikia. Ni mawe bapa, wenyewe wanayaita chiancarelle, yanapangwa duara juu ya duara, kila duara limeingia ndani kidogo kuliko la chini, mpaka yanakutana juu. Uzito wenyewe ndio unaobana. Jiwe la nje linainamishwa kidogo ili mvua iteremke, na maji ya paa yanaelekezwa kwenye kisima kilichochimbwa chini. Pale ambapo mto haupo, paa ndilo mto.

Wanasimulia kwamba mabwana wa mji wa Conversano waliwalazimisha watu wa Alberobello kujenga bila chokaa ili nyumba zibomolewe upesi, mji usihesabiwe na mfalme wa Napoli, ushuru usilipwe. Alberobello iliachwa huru kutoka kwa mabwana hao 1797. Mimi sishangai kwamba kilichojengwa kibomoke ndicho kilichobaki. Fundi akinyimwa chokaa anaongeza akili kwenye kupanga.

Kuhusu jiwe la kileleni: kila fundi alikuwa na umbo lake, duara, sahani, msalaba, nyota. Lipige picha kutoka pande zote nne. Ikiwezekana na mkono wako uonekane karibu, ili ukubwa ujulikane.

Kipanga_Lecce

Umbali sasa, maana ndilo swali lenyewe. Alberobello hadi Locorotondo ni kilomita 9 hivi, hadi Cisternino 9 au 10 nyingine, halafu Cisternino hadi Ostuni si chini ya 14. Katikati ya Oktoba jua linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na kitu. Mkitembea kilomita 4 kwa saa bila kusimama, ni mwendo wa saa nane na nusu. Lakini nyinyi mtasimama kwa bibi, mtakula, mtapotea mara mbili. Kipande cha mwisho ndicho kizuri, unaiona bahari ya Adriatiki upande wa kushoto, na Ostuni nyeupe inajitokeza juu ya kilima. Inaonekana ipo karibu. Haipo karibu. Tena stesheni ya Ostuni iko chini nje ya mji, kilomita mbili na zaidi.

Mkitokea Bari asubuhi ileile, treni peke yake itawachukua saa moja na nusu au zaidi. Laleni Alberobello. Na msikubali iwe baada ya saa za huku kurudishwa nyuma kwa saa moja mwisho wa Oktoba, hapo giza linaingia karibu saa kumi na moja jioni.

Mwanahawa_K

Mimi naona Ostuni iachwe. Dada, safari yako ni ile nyumba. Ukipita pale huku unaangalia saa, utampelekea bibi picha moja ya haraka. Ishia Cisternino, rudi kwa treni ya kupitia Martina Franca. Angalia tu usichanganye: ipo stesheni nyingine yenye jina la Cisternino kwenye reli ya pwani, kule tambarare, mbali kabisa na mji.

MamaZuhura

Naungana na Mwanahawa. Na huyo kijana asije na viatu vipya.

BintiMalindi

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mtoto wa bibi amekubali nichukue Ijumaa. Tutalala Alberobello. Tukifika Cisternino kabla ya saa saba mchana tutaendelea, ikipita hapo tunarudi.

BintiMalindi *(wiki tatu baadaye)*

Tumerudi salama.

Tulitoka Alberobello giza likiwa halijaisha vizuri, Locorotondo tulifika saa tatu na nusu. Contrada tuliipata, nyumba hatukuipata. Tulizunguka karibu saa nzima. Nikamsalimia mzee mmoja aliyekuwa akitandaza nyavu chini ya mizeituni, nikataja jina la baba yake bibi. Akaacha nyavu zake, akatupeleka mwenyewe. Nyumba haina mtu. Majani yameota juu ya paa na mtini umeingia dirishani. Jiwe la kileleni lipo, sahani na juu yake mpira, limemenyeka upande mmoja. Nililipiga picha pande zote nne kama alivyosema FundiMawe. Mzee akafunua kisima, akatupa kijiwe ndani ili tusikie. Maji yamo.

Cisternino tuliingia saa nane kasoro, mji umelala. Tukala mkate wetu kwenye ukuta unaotazama bonde, tukateremka stesheni, tukapanda treni. Ostuni tutaiendea mwezi wa nne.

Mdogo wangu alikuwa ameokota jiwe bapa chini ya ile nyumba, kwa ruhusa ya yule mzee. Nilimpa bibi mkononi pamoja na picha. Picha aliitazama muda mrefu bila neno. Jiwe akaligeuza geuza kwa vidole, akalinusa, akaniambia hili si la paa. La paa ni jembamba kuliko hili. Hili ni la ukuta wa zizi, upande wa kisima, na lilianguka tangu yeye hajaolewa.