Wageni watakaa wapi?

*Kikundi: Familia ya Susu (yaani nyanya, kwa Kikamba)*

Mama: Mwende, yule wa pikapu anatoka Machakos kesho alfajiri. Nimempa kochi la watu watatu na vile viti viwili. Vitambaa nimevifua.

Mwende: Mama ngoja, usipakie kitu!

Mama: Kwa nini? Una miezi miwili kwa hiyo nyumba na hakuna pa kukalia.

Mwende: Chumba chote ni mita 3 kwa 4, na jiko limo humo humo. Nimepima. Kochi lina mita 2 na sentimita 10. Ngazi za hapa Roysambu zina kona kali na mimi niko ghorofa ya nne.

Kilonzo: La jirani yangu walilivuta kwa kamba kupitia balkoni. Lilifika na miguu mitatu 😂

Mama: Na wageni watakaa wapi?

Mwende: Mama, sikukurupuka. Kabla ya kununua chochote nilibandika selotepu sakafuni, umbo la kila kitu nilichotaka, nikaishi hivyo wiki nzima. "Meza" nilikuwa naikanyaga kila nikienda kwa sinki, basi nikaachana nayo. Nimebaki na zulia dogo la Eastleigh, pazia za Gikomba na kioo kirefu. Hicho nimekiegemeza mkabala na dirisha, utadhani kuna dirisha la pili. Ukuta ni zege na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili. Halafu kuna kiondo kikubwa.

Anti Ndinda: Kiondo cha nini, unaenda shamba?

Mwende: Nguo chafu, Anti.

Anti Ndinda: 🙆🏾 Haya. Ni cha mkonge ama cha uzi wa plastiki?

Mwende: Mkonge.

Anti Ndinda: Basi kisikae karibu na bafu. Mkonge hunywa unyevu, kitaota kuvu uanze kulaumu aliyekisuka.

Mwende: Asante Anti, nakihamisha saa hii. Kuna na kigoda, nimekitoa Maasai Market Jumamosi. Mpingo!

Mjomba Mutua: Nani amekwambia ni mpingo?

Mwende: Muuzaji.

Mjomba Mutua: Ulikibeba vipi mpaka nyumbani?

Mwende: Kwa mkono mmoja, mwingine nilikuwa nimeshika mkoba.

Mjomba Mutua: Mpingo huzama majini. Ungekuwa mpingo, ungesikia bega mpaka leo. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, usugue chini ya kigoda.

Mwende: Kimetoka cheusi 😭

Mjomba Mutua: Rangi ya viatu hiyo. Ndani pengine ni jakaranda. Wachongaji nao usiwalaumu sana. Mutisya Munge alirudi kwao Wamunyu na uchongaji aliojifunza Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, na tangu hapo miti haijapumzika. Mpingo na muhugu vimekatwa mpaka vikawa adimu. Siku hizi ni mwarobaini, mwembe na hiyo jakaranda yako. Si mbaya, ila iwe imekauka. Ikiwa mbichi na umeiweka juani pale dirishani, itapasuka.

Mwende: Iko dirishani.

Mjomba Mutua: Iondoe.

Kilonzo: Mjomba leo amepata darasa lake 😂

Mwende: Ndiyo maana mimi nilikuwa nataka kile cha Babu, cha miguu mitatu chenye waya za shaba. Kingekaa kando ya kitanda, juu niweke taa. Nyumba ingekuwa imekamilika.

Mama: Kwa hiyo kochi la mama yako hapana, kigoda cha babu yako ndiyo.

Mwende: Mama jamani. Nitumie kitambaa kimoja, kile cheupe.

Mama: Cha kuweka wapi, na kochi hutaki?

Mwende: Juu ya mtungi wa gesi.

Mama: Nilifuma miezi mitatu nifunike mtungi wa gesi 😳

Anti Ndinda: Mpe mtoto kitambaa.

Mama: Nitampa viwili. Kilonzo, si uko kwa Susu? Muulize kuhusu kigoda.

Kilonzo: Nimemuuliza. Ametuma jibu kama lilivyo: "Nani amewaambia nimekufa? Kigoda nakikalia nikichambua ndengu."

Kilonzo: Na anauliza, akija Nairobi mwezi ujao, atakaa wapi?