Lokomotivu ya zamani ya dizeli: tuanzie wapi kuihifadhi?

Mwana wa Reli, Lubumbashi
Salamu kwenu, wakubwa kwa wadogo. Marehemu baba yangu aliendesha treni za dizeli kwa miaka mingi, na mashine aliyoipenda kuliko zote imesimama sasa kwenye reli ya kando, majani yakiwa yamefika kwenye ekseli. Wenzangu wanataka tuanze kwa kuipaka rangi. Mimi natamani kuusikia mlio wake tena. Tuanzie wapi?

Fundi Mstaafu, Likasi
Mwanangu, rangi ingoje. Zibeni kwanza bomba la moshi, kwa sababu mvua inayoingia humo inaweza kushuka hadi kwenye silinda. Toeni betri, kisha mwageni maji yote ya kupoza injini. Msithubutu kuiwasha kabla ya kuizungusha kwa mkono, vali za kupimia silinda, zile ndogo zinazotoa nje kilichomo ndani ya silinda, zikiwa wazi: hewa hushindilika, maji hayashindiliki, na pistoni ikiyakuta yamefungiwa, mkono wa chuma unaoisukuma hupinda.

Halafu kuna umeme. Ikiwa mashine yenu ni dizeli-umeme, injini haizungushi magurudumu yenyewe, bali huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaoendesha mota zilizo kwenye ekseli. Mota zilizonyonya unyevu zipimwe, na ikibidi zikaushwe kwa joto la polepole. Mwaka mmoja tuliharakisha kuwasha mashine baada ya msimu wa mvua, tukaunguza mota siku ileile. Harufu ya ile vanishi iliyopakwa nyaya za mota sijaisahau.

Mpenda Treni, Bukavu
Mzee amesema kweli. Naongeza habari ya Deltic, lokomotivu za dizeli za Uingereza, zilizojengwa 22 na kuanza kazi mwaka 1961 na 1962, kila moja ikiwa na injini mbili za kampuni ya Napier na nguvu za farasi 3,300. Zimebaki 6, na waliozihifadhi walikusanya pia injini za akiba na vipuri. Nanyi tafuteni mashine za aina moja na yenu kabla hazijakatwa kuwa vyuma chakavu.

Mwana wa Reli, Lubumbashi
Asante sana, baba, na wewe ndugu. Jumamosi tutapanda kuziba bomba. Nimefungua daftari la marehemu: silinda ya 7 ameiandika mara tatu kwamba inavuja maji.

Fundi Mstaafu, Likasi
Basi fungueni vali ya hiyo ya 7 kwanza, mwanangu, na mwangalie kwa makini kinachotoka.