Tupeane uzoefu: Kiingereza unakijua, sauti ikakuponza

Mama Nasra
Habari za jioni wanajamvi. Leo naomba tuzungumzie kupandisha na kushusha sauti kwenye Kiingereza. Shuleni tulikaririshwa maneno na nyakati za vitenzi, kiimbo hakuna aliyekigusia.

Naanza na langu. Mwaka wangu wa kwanza Leeds, Uingereza, nilikuwa natunza wazee. Saa kumi napitisha toroli la chai chumba kwa chumba. Nafika mlangoni, kikombe mkononi, nasema "Tea". Moyoni nilikuwa nauliza kwa adabu zote, hata kichwa nimeinamisha kama tunavyofanya nyumbani mbele ya wakubwa. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akawa ananikunjia uso kila siku. Wiki ya tatu kiongozi wa zamu akaniita pembeni: kuna malalamiko kwamba nawaamrisha wazee. Nililia siku ile. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, nimwamrishe mtu wa miaka 90!

Aliyenifumbua macho ni bibi mwenyewe. Alinishika mkono akalisema neno lile mara mbili. La kwanza lilishuka kama mtu anayetua mzigo: chai hii hapa, kunywa. La pili lilianzia chini likapanda mpaka mwisho, na nyusi zake zikapanda nalo: utakunywa chai? Kesho yake nikalipandisha. Akacheka, akaniambia nisisahau maziwa.

Wenzangu yaliwakuta yapi?

Ticha wa Moro
Pole sana dada. Yaliyokupata yaliwapata wengi kabla yako. Mwanaisimu John Gumperz aliandika mwaka 1982 kuhusu akina mama wa Kihindi na Kipakistani waliokuwa wakipakua chakula kwenye kantini ya uwanja mmoja mkubwa wa ndege Uingereza. Mfanyakazi akichagua nyama, humuuliza kama anataka mchuzi: "Gravy". Waingereza walilipandisha neno, akina mama wale walilishusha, nao wakaonekana wakorofi. Waliposikilizishwa kanda, mwanzoni hawakuona tofauti yoyote, kwa sababu kwao namna ile ndiyo ya kawaida ya kuuliza.

Darasani natumia "tea or coffee". Pandisha la kwanza, shusha la pili: achague moja. Yakipanda yote mawili, unauliza tu kama anahitaji kinywaji, naye anaweza kujibu hapana. Na jamani, si kila swali linapanda! "Where do you live" kwa kawaida hushuka mwishoni. Ukilipandisha sana, mtu anaweza kudhani hukusikia jibu lake unataka arudie.

Kijana wa Simu
Mimi niko Nairobi, napokea simu za wateja wa ng'ambo. Neno lililonitesa ni "sorry". Mteja alikuwa ananisomea namba ya akaunti, laini ikakwaruza, nikasema "sorry" kwa kushusha. Akanijibu kwa upole kwamba si kitu, akanyamaza. Nami nikanyamaza nikingoja namba. Tulikaa hivyo mpaka akauliza kama bado nipo. Ukilishusha unaomba radhi, ukilipandisha unaomba mtu arudie. Siku hizi kabla ya zamu nalisema mara kumi kumi kila upande.

Baba Zuhra
Ticha, nakuunga mkono, ila kanuni hizo usizipeleke Belfast, huku Ireland ya Kaskazini. Huku hata taarifa ya kawaida inapanda mwishoni. Mwenye nyumba wangu aliniambia basi linapita saa mbili, sauti juu, nikadhani ananiuliza, nikamjibu sijui. Akaniambia tena, juu zaidi. Nikaapa kwamba sijui! Glasgow, Liverpool na Newcastle nako utawasikia hivyo hivyo. Anayehamia huku asikilize wiki mbili tatu kabla ya kuanza kuiga.

Ticha wa Moro
Kweli kabisa Baba Zuhra. Vitabu tunavyofundishia vinafuata zaidi Kiingereza cha kusini mwa Uingereza. Nitawaambia wanafunzi wangu.

Mama Nasra
Asanteni jamani. Hiyo ya kantini nimeisoma mara mbili, natamani ningeijua kabla sijapanda ndege. Kuna binti wa Mwanza ameanza kazi Jumatatu kwenye zamu yangu. Leo nimemsikia mlangoni kwa bibi yule yule: "Tea", chini kabisa. Kesho saa kumi tunalisukuma toroli pamoja.