Naomba ushauri: leso za bibi kwa mfarishi wa viraka

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, Langoni. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliniachia leso (kanga) 12, nataka kumshonea binti yangu mfarishi wa viraka, yaani tandiko la vipande vya nguo vilivyoungwa pamoja. Nyingi ni pamba tupu, zimelainika kwa kufuliwa. Mbili ni poliesta, zateleza chini ya sindano. Pamba hurudi (husinyaa) ikifuliwa, poliesta hairudi. Nachelea mishono itakunjana. Nizitoe? Nazo ndizo alizozipenda zaidi.

Jana nimeroweka ile nyekundu, ikachuja beseni zima. Kuna dawa ya kuizuia isiharibu nyeupe?

Na upande wa chini nitie marekani (pamba nzito isiyopaushwa) au bafta (pamba nyepesi nyeupe)? Joto la huku mwalijua.

Zaidi ya yote, yale maandishi ya leso: moyo wakataa kuyakata. Mliowahi kushona mliyapanga vipi?